Dokumentari za Kutazama Ukisukwa, na Ile Niliyoshindwa Kuitazama

Ukiniuliza jina la dokumentari nzuri nitakuangusha. Majina yake ni marefu, ya Kiingereza, na Kiingereza changu tuliachana kidato cha nne bila kuagana vizuri. Lakini niambie unasuka mtindo gani, nami nitakuchagulia ya kutazama, na hutajuta.

Mimi ni msusi Makambako, hatua chache kutoka stendi. Saluni yetu ina viti vitatu na televisheni ambayo bosi wangu ameiunganisha na zile huduma za filamu za mtandaoni. Mwanzoni tulikuwa tunaweka tamthilia. Balaa! Mteja akiona mke wa mtu anasalitiwa, anatikisa kichwa kwa uchungu hata nikimwambia atulize, na mstari niliouchora unakwenda kama njia ya mbuzi. Tukajaribu mieleka, wakaruka vitini. Siku moja bosi akabonyeza kitufe kimakosa, ikatokea dokumentari ya nyuki. Mteja wangu akatulia kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikamaliza kichwa chake kabla ya saa ya kula. Bosi akaniangalia, nikamwangalia, na tamthilia zikaishia hapo.

Kwa hiyo, kama unasuka twende kilioni, mtindo wa haraka, tazama ile ya mzee anayevuta tambi kwa mkono mpaka zinakuwa nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Ila kula kwanza, usije ukasikia njaa. Kama ni rasta ndogo ndogo za kukaa kutwa nzima, tafuta za chini ya bahari. Kuna samaki kule gizani anatembea na taa yake usoni. Dada mmoja wa safari ya Songea aliacha basi liondoke ili ajue kama samaki yule atapata mwenzi. Alipata. Zile za wauaji sizipendekezi kabisa, maana mteja anaanza kumtazama vibaya aliyekaa kiti cha pili.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta naamini kwamba hakuna shida ya binadamu isiyo na dokumentari yake. Na kwa imani hiyo nikaenda kuharibu mambo nyumbani.

Bibi yangu anaishi kijijini, upande wa Uwemba, baada ya kupita Njombe mjini. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Mimi mwenyewe alinitambua kwa sauti tu. Wiki hiyo alikuwa amelenga kikombe, akakikosa na kumimina chai ya moto kwenye mkono wake. Hospitali walishasema ugonjwa huo unatibika, wakampa siku ya upasuaji: Alhamisi. Bibi akakataa. Baba mdogo akambembeleza, mzee wa kanisa akaja kumwombea, bibi akaitikia amina kwa sauti kubwa, kisha akasema, "Macho haya nimekuja nayo, nitaondoka nayo."

Jumatatu saluni hatufungui. Nikashusha filamu mbili kwenye simu, nikapanda gari la Njombe nikiwa nimejaa matumaini. Ya kwanza ilikuwa ya daktari anayezunguka vijiji vya milimani akitibu macho. Nilikuwa nimetazama mwanzo wake tu: milima mizuri, ukungu kama wa kwetu, watoto wanacheka. Nikasema hii ndiyo dawa.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mke mwenzangu," akaitikia kwa utani wa bibi na mjukuu. "Umekuja kunibembeleza na wewe?"

"Nimekuja kukuonyesha sinema."

"Kipofu anaonyeshwa sinema! Haya, kaa karibu na moto, unisimulie."

Nikasimulia vizuri sana, hata pale nilipokuwa sielewi. Daktari amefika. Daktari anasalimia. Daktari anavaa glavu. Ghafla jicho la mtu likajaa kioo chote cha simu, jicho zima, na kisu kidogo kinalisogelea. Nikapiga ukelele, simu ikaangukia kwenye viazi vilivyomenywa.

Bibi akageuza uso. "Kimekuuma nini?"

"Hakuna kitu, bibi."

"'Hakuna kitu' haimpigishi mtu yowe hivyo. Wewe mwenye macho mazima umeshindwa kutazama tu, halafu mimi ndiye nikakalie kiti cha daktari? Siendi. Mwambie baba yako mdogo asikodi gari."

Nilitamani ardhi inimeze. Watu wazima wote walikuwa wamemsukuma hatua moja moja kuelekea hospitali, mimi nikamrudisha zote kwa yowe moja. Nikafuta simu kwenye sketi, na kwa kukosa la kufanya nikaweka ile filamu ya pili, ya wakulima wa viazi wa nchi ya mbali. Bibi amelima viazi tangu alipoolewa. Nikaanza kusimulia kinyonge.

"Wana vyekundu. Wana vya njano. Huyu mama amekata kimoja, ni cha zambarau mpaka ndani."

"Ndani ni cheupe."

"Zambarau, bibi. Kama joho la kwaya."

"Mke mwenzangu, kiazi ninakijua mimi."

Akaninyang'anya simu, akaileta mpaka puani. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akaisogeza mbali, akairudisha. Kisha akanipa taratibu.

"Unanidanganya kwa sababu sioni," akasema.

Hakusema kwa utani. Machozi yalinijia. Nikamwambia, "Bibi, nenda Alhamisi. Ukirudi, tazama mwenyewe. Kikiwa cheupe, nitakulimia shamba la bondeni msimu mzima."

"Na kucha zako hizo?"

"Nazikata."

Bibi akachokonoa moto. "Shamba lote," akasema. "Mpaka kule kwenye mianzi."

Akaenda. Walianza na jicho moja. Siku aliporuhusiwa kutazama vitu vidogo nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda nikisubiri, simu mkononi. Mama yule akakata kiazi. Bibi akasogeza uso kwenye simu.

"Kumbe," akasema. Halafu, "Lakini huyu mama uliniambia analia kwa furaha. Mbona anapiga chafya?"

"Nilikuwa nakisia."

"Hm. Na hizi nywele amekusuka nani? Zimekwenda upande."

Nilijisuka mwenyewe. Akanitazama kichwa, akashuka usoni, akakaa hapo muda mrefu mpaka nikaona aibu. Kisha akasema, "Weka ile ya daktari. Nataka kuona kilichokupigisha yowe."

Hiyo ndiyo ninayokupendekezea kuliko zote, usuke usisuke. Mpaka leo sijaiona yote, kwa sababu nilijifunika kitenge kichwani, na bibi ndiye aliyenisimulia, mkono wake umenishika kisogo.

"Sasa anasafisha. Sasa ametoa ule ukungu. Anaweka kitu kidogo, kama ganda la ndani la kitunguu…"

"Bibi, basi!"

"Tuliza kichwa," akasema. "Bado kidogo tunamaliza."