Mvua ya Maembe na Matope ya Bahari

Mvua ya kwanza baada ya kipwa, ile miezi yetu mikavu, huku Lubumbashi tunaiita mvua ya maembe. Huosha vumbi kwenye matunda, kisha hutokomea. Mwaka huu ilinyesha kwa nguvu mchana mzima. Kesho yake dada yangu mkubwa, mjane mwenye shamba nje ya Karavia, alinijia nyumbani Bel-Air.

«Mudogo, weye unasomaka mambo ya mvua kila siku. Nipande ao ningojee?»

Alikuwa na mbegu za kupanda mara moja tu. Zikifa, hakuna bukari, ugali wetu wa mahindi, mpaka mavuno mengine.

Ni kweli nasoma, peke yangu, bila mwalimu. Watafiti hutoboa sakafu ya bahari mbele ya mdomo wa mto Kongo, ambako maji ya Kafubu, mto wetu wa hapa, nayo huishia. Ndani ya matope mna magamba ya vijidudu vidogo kama chembe za chumvi. Mvua ikizidi, mto humwaga baharini maji yenye oksijeni ya aina nyepesi kwa wingi zaidi, na magamba huihifadhi. Wakipima oksijeni nyepesi na ile nzito, tabaka baada ya tabaka, wanatambua zama za mvua na zama za ukame. Lakini tabaka jembamba kama ukucha limebeba miaka ya vizazi vingi. Wiki moja haionekani humo. Nikamweleza hivyo.

Akacheka. «Kumbe unajua mvua ya bankambo, ya wazee ba zamani, ya kesho hapana!»

Nilishindwa kukaa. Tulikwenda shambani, nikachimba shimo lenye ukuta ulionyooka, nipate kuona tabaka. Juu udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Chini ya kina cha kidole, vumbi tupu.

«Ngojea, yaya,» nikamwambia dada yangu.

«Jirani alishapanda.»

«Ngojea tu.»

Mahindi ya jirani yaliota, kijani kibichi. Nyumbani nilitoka nje kutazama mawingu, nikarudi kuketi, nikatoka tena. Siku moja nilijikuta nafurahia jua kali kwa kuwa lilithibitisha neno langu, nikashtuka: yaliyokuwa yakinyauka yalikuwa mahindi ya mtu.

Yalipokauka, dada alinipigia simu. Hakuwa akicheka.

«Nimemugawia jirani nusu ya mbegu. Naye iko na batoto.»

«Na weye, yaya?»

«Miye niko na ile nusu ingine. Sasa tusikosee. Utakuya kuchimba tena lini?»

Jembe lilikuwa tayari mkononi mwangu.