Vijiti Vitatu vya Chelewa

Bati lililolala na maji lina harufu yake. Si ya kutu wala si ya udongo; iko baina ya hizo mbili, na ukiinusa kwa karibu utahisi kama umelamba kijiko kitupu. Nilikuwa nikiinusa kila asubuhi uani kwetu Gede nilipokuwa darasa la tano, katikati ya miaka ya themanini, nimechutama mbele ya kopo la kupimia mvua. Nikiinusa leo, hata ikitoka kwenye ndoo ya mtu nisiyemjua, hasira hunipanda kabla sijatambua inatoka wapi. Mume wangu huniuliza, "Mishi, mambo ya miaka yote hiyo hujayasamehe tu?" Sijayasamehe. Na sikukaa kuandika haya ili nijifanye nimeyasamehe.

Kopo lile tulipewa na bwana shamba mwishoni mwa kaskazi, wakati fukuto limetukaa shingoni, chumvi imekuwa maji kibakulini na nguo zilizokunjwa sandukuni zimeanza kunuka uvundo. Alitoka mjini na makopo manne, akayagawa kwa nyumba nne za eneo letu zilizokuwa na uwanja usiofunikwa na miti. Lilikuwa kopo la bati, wima, mdomo na kitako sawasawa, kina chake sentimita kumi. Akatuachia na rula ya mbao na daftari. Maagizo yake yalikuwa mafupi: kila siku saa tatu asubuhi mtachovya rula, mtaandika milimita, mtamwaga maji, mtalirudisha kopo mahali pake. Siku chache baadaye, kwenye baraza ya chifu, alitueleza sababu. Mwaka uliotangulia mvua iling'oa mimea ya watu, na mbegu za msaada zikaishia kwa waliojua kupiga kelele. Safari hii, alisema, mbegu zitakwenda kwa haki. Eneo ambalo kopo lake litaonyesha milimita themanini au zaidi kwa siku moja, watu wake watapewa mahindi ya kupanda upya. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, kwa kuwa kopo lilikuwa letu.

Baba alikuwa akifanya kazi Mariakani, kwenye kiwanda cha maziwa, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri. Kwa hiyo kazi ya kopo ilituangukia mimi na bibi, mama yake mama, mzaliwa wa Mambrui, mwanamke mfupi aliyependa usafi hadi akachosha watu. Bibi hakusoma shule. Alisoma chuo cha Kurani tu, na kuandika kwake kulikuwa kwa Kiarabu. Lakini siku ya kwanza tu alipoishika ile rula aliigeuza juu chini, akaipitisha ukucha, akaniambia, "Hii rula ina kisigino." Nikatazama. Kweli, kabla ya alama ya sifuri palikuwa na kipande cha mbao kitupu, upana wa kucha ya kidole kidogo. Ukiichovya namna bwana shamba alivyoonyesha, kile kipande kinazama nacho lakini hakihesabiwi, na mvua unaipunja kila siku inayonyesha. Nilistaajabu kwamba mtu wa ofisi hakuliona hilo. Siku hizi sistaajabu.

Bibi akatafuta njia yake. Alichomoa chelewa kwenye fagio jipya, ule uti mgumu wa jani la mnazi, akaukausha juani, akawa anauchovya koponi mpaka uguse kitako. Pale maji yalipoishia palibaki alama nyeusi. Anaukata kwa ukucha pale pale, taratibu, kisha anakichomeka kijiti kwenye makuti ya jikoni, juu ya mlango. Siku za shule saa tatu hunikuta darasani, kwa hiyo nikirudi mchana nakuta kijiti kinaningoja. Nakilaza juu ya rula, ncha yake kwenye sifuri, nasoma, naandika. Mvua za mwaka, zile za masika, zilipoanza, ule mlango wa jikoni ulikuwa umeota vijiti kama ndevu. Nilikuwa najivuna navyo vibaya sana. Nilimwambia Kadzo, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, kwamba serikali inanitegemea mimi. Kadzo akacheka mpaka akashika tumbo, lakini kila mchana alipita kwetu kuuliza leo ni ngapi.

Mvua ninayoisimulia ilianguka siku ya Jumamosi. Saa tatu tulikuwa tumeshalimwaga kopo, lilikuwa na kidogo tu. Saa nne mbingu za upande wa Watamu zikawa nyeusi tii, kuku wakaingia chini ya kitanda cha kamba bila kufukuzwa, na mvua ikaja kwa pigo moja. Sijapata kusikia kishindo kile tena. Tulikuwa jikoni mimi na bibi na hatusikilizani, anasema neno nalisoma mdomoni mwake. Baada ya saa moja na kitu nikamwona ananyanyuka. Alijitupia leso kichwani, akanionyesha sinia kubwa la pilau, nikajifunika nalo, tukatoka. Mvua ilipiga lile sinia hadi masikio yakaziba. Kopo lilikuwa limebakisha upana wa kidole kujaa. Bibi akatoa chelewa aliyoificha kifuani isilowe, akaichovya huku mimi nimemkinga yeye kwa sinia na nimejihadhari nisilikinge kopo, akaikata, akamwaga maji, akalirudisha. Tulifanya hivyo tena baada ya adhuhuri. Nilimuuliza kwa nini tusiliache tu. Akaniinamia sikioni, "Likifurika, yaliyomwagika tutayasemaje? Hatuyajui." Ilipofika alasiri mvua ikalegea, ikabaki manyunyu mpaka magharibi. Yale ya mwisho tuliyaacha koponi hadi Jumapili saa tatu, kama tulivyoagizwa.

Vijiti vitatu. Nilivipima mara mbili mbili. Cha kwanza milimita themanini na nne, cha pili sabini na moja, cha tatu ishirini na mbili. Nikajumlisha, nikaandika mia moja sabini na saba, nikapigia mstari. Siku hiyo hiyo mama alirudi shambani na matope hadi magotini, akakaa kizingitini. Mahindi yaliyokuwa na majani manne yalikuwa yamekwenda na udongo wake. Kwa mama Kadzo kulikuwa kubaya zaidi, shamba lake lilikuwa bondeni kabisa, na yeye alikuwa mjane, hana mume wa kuleta kitu kutoka mahali. Lakini alipokuja na kuisikia ile mia moja sabini na saba aliitaka niirudie. Nikairudia. Akasema, "Basi mbegu tumepata," na jioni ile ile nilimwona akikung'uta gunia lake nyuma ya nyumba, tayari.

Bwana shamba alifika siku ya nne. Sitaki kumsingizia: alikuwa mpole. Alimpa bibi shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji aliyopewa. Mama alikuwepo, mama Kadzo alikuwepo, na Kadzo na mimi tulisimama kando ya kopo tukiwa na sare za shule. Akafungua daftari, akafika kwenye ile Jumamosi, akatabasamu.

"Kopo hili lina kina cha milimita mia," akasema. "Mia moja sabini na saba zimeingiaje?"

Bibi akamweleza taratibu: tumemwaga mara mbili, tukapima kila mara. Akaenda kuvichomoa vijiti mlangoni, akamwekea kiganjani. Yule bwana akavitazama kwa namna mtu anavyotazama zawadi ya mtoto.

"Bibi, kanuni ni kupima mara moja kwa siku. Saa tatu. Nani aliwaambia mmwage katikati?"

"Mwanangu, lingefurika."

"Lingefurika, sawa. Lakini kanuni ndiyo hiyo. Vijiti si rekodi."

"Hicho kirefu peke yake chapita themanini," bibi akasema. "Vitupe hivyo viwili, pima hicho kimoja."

Hakukipima. Rula ilikuwa mkononi mwake, kijiti kilikuwa mkononi mwake, na hakukipima. Alinigeukia mimi badala yake, akaniuliza kwa sauti ya mwalimu anayekusaidia mtihani, "Wewe ndiye mwandishi. Niambie ukweli. Jumapili, saa tatu asubuhi, kopo lilikuwa na ngapi?"

Nikamjibu, "Ishirini na mbili."

Akanisifu. Ndiyo, alinisifu, akasema mimi ni mtoto mwaminifu. Kisha akatoa kalamu, akaikata ile mia moja sabini na saba kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake ishirini na mbili, akatia sahihi. Vijiti akavidondosha chini, si kwa ubaya, alividondosha tu kwa kuwa alikuwa ananyanyuka. Akaaga watu wote kwa heshima. Mama Kadzo alimsindikiza mpaka barabarani akimsihi aende akaone shamba kwa macho yake, ni hapo tu bondeni. Akasema ana nyumba tatu nyingine za kupitia.

Baadaye tulisikia kwamba moja ya nyumba hizo tatu, upande wa pili wa barabara kuu, hawakuligusa kopo siku nzima. Walikuwa wamelala na mvua yao. Jumapili wakalikuta limejaa pomoni, wakaandika mia, na watu wa kwao wakapewa mbegu. Siwaonei kijicho, walistahili. Lakini hebu nieleze wewe unayesoma: bibi yangu alilowa mpaka mifupa kwa kutaka tone lisipotee, na kwa bidii yake hiyo tukakosa. Angekaa jikoni akaota moto, tungepata. Nimeshaligeuza jambo hili kila upande na bado linanichoma.

Jioni ile mama alinikalia karibu na mafiga, akaniuliza bila kunitazama, "Kwa nini hukusema mia?" Bibi akamjibu kwa ukali ambao sikuwahi kumsikia akiutumia kwa mama. "Mtoto ameulizwa, amesema kweli. Wataka nimfunze uongo kwa ajili ya mahindi?" Mama akasema, "Mahindi ndiyo atakayokula." Nilitamani mmoja wao anipige, yaishe. Bibi alitoka nje, akaviokota vijiti vyake kwenye mchanga, akavifunga kwa uzi mweusi na kuvitia kwenye mfuko wa msahafu wake.

Sisi tulikula muhogo mwaka ule, na baba alituma unga kila alipoweza, kwa hiyo sikulala njaa. Bondeni haikuwa hivyo. Mama Kadzo alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na muhula uliofuata Kadzo akapelekwa kwa shangazi yake Mariakani kulea mtoto. Nilimsindikiza hadi stendi. Alikuwa amevaa sketi ya shule, maana hakuwa na nyingine nzuri. Hakunilaumu hata kwa utani, yeye aliyenitania kwa kila kitu, na kukosa utani kule ndiko kulikoniambia kwamba analijua jambo lote. Hakurudi shuleni tena. Alikuwa ananishinda hesabu, niseme wazi, nafasi ya kwanza ilikuwa yake na mimi nikiwa wa tatu au wa nne.

Sasa niko katika ua ule ule. Bibi na mama wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Simu yangu inaniambia kutwa kucha kwamba mvua itanyesha au haitanyesha, na mara nyingi inaniambia jua kali huku niko mlangoni natazama maji yakipita. Kopo ninalo, ila ni jipya, kwa kuwa kikundi chetu cha wakulima kinapeleka vipimo mjini. Vijiti vya bibi ninavyo pia, na uzi wake. Juzi juzi, katika mvua hizi za mwaka, alikuja kijana mmoja wa ofisi, mpole naye, na simu kubwa bapa mkononi. Dhoruba ilikuwa imepita juzi yake, na nilikuwa nimepima mara mbili. Nikamtajia vipimo vyote viwili. Akabofya, akakunja uso, akaniambia, "Samahani mama, mashine inakubali kipimo kimoja tu kwa siku. Asubuhi lilikuwa na ngapi?"

Nilihisi ile harufu ya bati. Nikamwambia akae kitako. Nikaingia ndani, nikatoka na vijiti vitatu, nikamwekea kiganjani, nikamsimulia habari ya Kadzo kwa jina lake. Kisha nikamwambia kwamba hanyanyuki kwenye kigoda changu mpaka mashine yake ikubali namba mbili. Alidhani namtania. Alipoona sicheki akapiga simu Kilifi, wakamzungusha, akapiga tena, akaambiwa ajumlishe mwenyewe na aandike maelezo chini. Akajumlisha. Nikaichukua simu mkononi, nikaisoma jumla yangu kwa macho yangu, nikamrudishia, nikamletea chai.

Nilitazama saa ya ukutani alipoondoka. Ilikuwa imechukua nusu saa. Rafiki yangu alitolewa shule kwa sababu ya nusu saa ambayo mtu mwenye rula mkononi hakuwa nayo.