Pacha Aliyesafiri na Pacha Aliyebaki

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo kila nikiikumbuka moyo hunidunda kama wa kijana. Ndiyo siku niliyorudi Jomvu Kuu kutoka ng'ambo na diploma yangu ya fizikia. Naitaja diploma kwa sababu nina haki ya kuitaja: sikusomeshwa na mjomba wala serikali. Niliosha vyombo vya watu huku nasoma, mpaka nikaipata. Leo imetundikwa sebuleni, mkabala na kiti cha wageni, na nimeiweka hapo makusudi.

Mimi ni Doto. Pacha wangu, Kurwa, alinitangulia kutoka tumboni kwa dakika chache tu, na kwa dakika hizo mama alitulea hivi: kila asubuhi Doto humwamkia Kurwa. "Shikamoo, kaka." Nilichukia kweli! Sura moja, kimo kimoja, halafu nimwamkie? Siku ya kuondoka nilimwambia pale mlangoni, "Nikirudi na elimu yangu, wewe ndiye utakayeniamkia." Tangu hapo hatukuzungumza hata kwa simu. Salamu zilipitia kwa mama.

Ijumaa hiyo, basi, tumekwisha kula pilau, tumekaa barazani, na mimi na Kurwa bado hatujaamkiana. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Mama yuko katikati yetu, anatafuna tambuu, hataki kumtazama yeyote.

"Ehe, Doto," akasema mwishowe, "huko ng'ambo umesoma nini hasa?"

Mwanangu, nani aulizwe hivyo akae kimya? Nilisimama! Nikawaeleza habari za mwanga: kwamba hakuna kinachoupita mbio, na kwamba chombo kikiukaribia mwendo wake, mambo ya ajabu hutokea. Mwanzoni ukikisukuma kinaongeza mwendo. Kikishaukaribia mwanga, msukumo uleule haukiongezei mwendo ila kidogo mno. Nguvu yako inaingia ndani yake, nacho kinazidi kuwa kigumu kusukuma, kana kwamba uzito wake unapanda.

"Kama mkokoteni wa maji kwenye mlima wa Changamwe," Kurwa akasema, akimwambia mama, si mimi.

"Zaidi ya huo!" nikajibu, nami nikimtazama mama. "Mkokoteni ambao kila ukiusukuma, madumu yanaongezeka. Kuufikia mwendo wa mwanga wenyewe kungetaka nguvu isiyo na mwisho. Ndiyo maana chombo hakifiki. Na la wakati hamjalisikia bado!"

Nilikuwa nimepamba moto. Nikawaambia, chukua pacha wawili. Mmoja apande chombo hicho, mwingine abaki hapa Jomvu. Aliye chomboni haoni tofauti yoyote: saa yake inakwenda, moyo unapiga, ndevu zinaota kama kawaida. Lakini akirudi atamkuta mwenzake amezeeka, yeye angali kijana. Wala si hadithi! Saa sahihi mno zimepandishwa ndege zikapimwa, tofauti ikawa chembe ndogo kabisa, lakini ilikuwapo, na hesabu ikatimia.

"Hebu ngoja," Kurwa akasema. Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia uso kwa uso. "Yule aliyesafiri ndiye mdogo?"

"Ndiye mdogo."

"Na aliyebaki?"

Mama akacheka mpaka tambuu ikamtoka. "Wallahi umejihukumu mwenyewe, Doto!"

Nikajitetea haraka haraka kwamba ndege niliyopanda mimi, mbele ya mwanga, ni kobe tu, haihesabiki.

"Ndege haihesabiki, sawa," mama akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Lakini mtazame."

Nikamtazama. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi, bega moja limeshuka. Ndiye aliyembeba baba mgongoni kwenda hospitali, akamwogesha, akamzika, wakati mimi niko na vitabu vyangu. Tulizaliwa na sura moja, na sasa yeye alikuwa na sura ya baba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Doto." Kisha akanikamata shingo akanivuta karibu. "Haya, nieleze tena ule mkokoteni. Polepole, bwana, mimi ni mzee."

Tulikaa pale tukicheka na kubishana mpaka adhana ya magharibi.

Kwa hiyo nenda ukasome, mwanangu! Soma mpaka majirani wachoke kukusikia. Ukitaka kujisifu, jisifu, nami nitakupigia makofi. Lakini elimu yako ikitoa hukumu, ikubali hata ikikuangukia wewe. Na ukirudi nyumbani usimtafute yule uliyemwacha mlangoni, kwa kuwa hayupo tena. Miaka uliyosafiri wewe, mwenzako amezeeka. Mtangulie kwa salamu.

Mola akupe mwendo, akuongezee nguvu kila safari inapokuwa nzito, na akurudishe salama ukiwa na wa kumwamkia, naye angali na sauti ya kuitikia.