Kaburi Nyuma ya Maduka

Mtoto wa dada yangu alipofariki, habari zilitufikia baada ya mwezi mzima, kwa mdomo wa dereva wa lori aliyetukuta sokoni Ngaramtoni. Mama hakulia. Jioni, tukiwa tumerudi migombani kwetu, akaniambia, "Kesho kutwa tunakwenda kumchukua dada yako."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita na sikuwahi kufika upande wa pili wa Mlima Meru. Dada alikuwa ameolewa na fundi cherehani aliyefungua kibanda huko nyikani, ambako mvua ya mlima haifiki. Mji wenyewe ulikuwa maduka machache ya mabati na kisima kimoja cha serikali. Kilichonishangaza ni punda. Walijaa barazani na njiani, na mmoja alikuwa ameingiza kichwa dirishani mwa ofisi ya karani, wala hakuna aliyemfukuza. Zamani walibeba magadi. Malori yalipoichukua kazi hiyo, wenyewe wakawaachia tu, wakabaki wanazurura, wamekonda, migongo imejaa makovu.

Shemeji alitupokea peke yake. "Shikamoo mama," alisema, akatazama chini. "Yuko kule kwa mtoto. Hutoka asubuhi, hurudi jua likizama."

Tulimkuta nyuma ya maduka, ameketi juu ya jiwe, fimbo mkononi, midomo imepasuka kwa jua. Kaburi lilikuwa fupi mno, nusura nilikanyage.

"Mwanangu, twende nyumbani," mama akasema.

"Siwezi, mama. Punda wanapenda udongo laini. Nikiondoka tu, wanakuja kugaagaa juu yake. Juzi nimemkuta mmoja chali, miguu juu, anajisugua mgongo."

Mama akaanza kumkaripia. Mtoto yuko kwa Mungu, alisema, na yeye bado ni kijana, atazaa tena. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umezika wawili pale migombani," akajibu polepole. "Kila siku unapita hapo na jembe lako."

 Mama akaifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaenda kuokota mawe. Tulibeba mawe na matawi ya miiba mchana kutwa, sisi watatu, mpaka viganja vikatoka damu. Punda mmoja alisimama karibu akitutazama. Nilimrushia jiwe likampiga shingoni. Hakukimbia, alifumba macho tu. Niliona aibu, nikageuka.

Asubuhi lori lilipokuwa linaondoka na mama na mimi, dada alishika ubao wa nyuma. "Mama, nitumie masale nipande pale." Kwetu masale, mmea wa majani marefu ya kijani, hupandwa mipakani na juu ya makaburi.

"Hapa hayataota, mwanangu."

"Nitumie tu."

Njiani mama alikaa juu ya magunia, uso ameufunika kwa kanga. Tulipofika aliyakata masale ya mpakani mwa shamba letu, akayafunga kwa majani ya mgomba na kumpa dereva. Baada ya wiki chache dereva akatuambia yamekauka. Mama akatuma mengine, nayo yakakauka. Aliendelea kutuma kila alipompata mtu wa kwenda huko, hata alipokuwa haoni vizuri na mimi ndiye niliyeshika panga.

Dada hakurudi kuishi kwetu. Alikuja mara moja tu, siku tuliyomzika mama, akaondoka kesho yake alfajiri.