Po ya Mpishi na Bo ya Yaya

Siku ya kwanza niliyoingia jikoni kwa bibi wa Kizungu, ulimi wangu ulitangulia akili. Nilimkuta mwanamke mtu mzima, nywele zimeanza mvi, kambeba mtoto mchanga. Nikasahau kuwa niko Maskati, nikamwamkia kama nilivyofunzwa Unguja: "Shikamoo, mama."

Akageuka upesi kutazama mlangoni, akamkumbatia mtoto. Mpishi, kijana mwanamume aliyekuwa akimenya vitunguu, akafuta mikono, akaniuliza kwa Kiingereza, "Umeniita?"

Ilinichukua siku nyingi kufahamu nilichosema. Yule mwanamke, yaya wa mtoto, alikuwa Mlao, mtu wa Laos. Kwao "ma" ni mbwa, na "ma" hiyo hiyo ukiibadilisha sauti ni kuja. Kwa hiyo "mama" yangu ilimfikia kuwa mbwa anakuja. Mpishi alikuwa Mfilipino, na kwa Kitagalogi "mama" ni bwana usiyemjua jina. Mimi nilikusudia adabu tu.

Hiyo ilikuwa 1967. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mimi na mama yangu tuhame Unguja. Tulipanga Darsait, na kila asubuhi gari ya kampuni ya mafuta ilinichukua kunipeleka kwenye nyumba mpya za wahandisi, nikamshonee yule bibi mapazia na nguo za watoto. Kazi niliipata kwa sababu nilijua cherehani na Kiingereza cha skuli. Yaya walikuja naye kutoka Laos, ambako mume wa bibi alijenga madaraja. Mpishi alipatikana hapa hapa, baada ya kuchoka kuwapikia mabaharia.

Bibi alishikilia kwamba wale wawili lugha yao ni moja. "Wote wanatoka upande ule," akaniambia, akipunga mkono kuelekea baharini. Aliwaweka jikoni pamoja akatarajia watazungumza kama ndugu. Haukupita mwezi wakanuniana. Yaya akawa anasubiri mpishi atoke ndipo aingie kuchemsha maji ya mtoto.

"Wewe unajua lugha nyingi," bibi akaniambia. "Hebu niulizie, wamekoseana nini?"

Nilijua Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu cha kubahatisha. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyonifikisha Laos. Lakini nilikuwa na kiburi cha ujana, nikajibu kuwa nitalishughulikia.

Nilianza na mpishi, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kitagalogi nilikipenda mara moja, kilinikumbusha nyumbani. Neno lao unaliongezea kipande mbele au unalipachika kipande katikati, na maana inakwenda. "Kain" ni kula, "kumain" amekula, "kakain" atakula. Nikaona huyu ni jamaa yetu. Na "wala" yao ni hakuna, kama vile sisi tunavyokataa. Ila jamaa huyu alikuwa na hila. Aliponiambia "bata" analia chumbani, nikaenda kutafuta bata kweli, nikatazama mpaka chini ya kitanda. "Bata" kwao ni mtoto.

Kilao hakikunipa jamaa hata mmoja. Maneno yake ni mafupi, hayapokei kiambishi mbele wala nyuma. "Kin" ni kula, leo, jana na kesho. Kazi yote inafanywa na sauti, namna unavyoipandisha au kuishusha. Yaya, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, alinikalisha juu ya gunia la mchele akanisomesha "ma" ya mbwa, ya farasi na ya kuja. Mimi nilisikia "ma" moja tu. Akanipiga kikofi cha goti kila nilipokosea, na goti lilipata tabu.

Baada ya hapo ndipo nikamuuliza ana nini na mpishi.

"Yule mtu anakataa kila kitu," akasema. "Nikimuuliza maji ya moto yapo, ananijibu hapana. Kisha anayaleta. Mtu gani huyo?"

Nikamwendea mpishi.

"Ananifanyia mzaha," akasema. "Mimi ni mdogo kwake, sawa na mwanawe. Kila akisema nami ananitilia po. Mtu mzima hamwambii mtoto po. Ananicheka."

Nilirudi kwenye cherehani nikakaa bila kushona, mpaka nikang'amua. "Po" ya Kitagalogi ni heshima, kijana humtilia mkubwa wake katika maneno, na "opo" ni ndiyo ya adabu, kama "naam" yetu. "Bo" ya Kilao ni hapana. Na "bo" hiyo hiyo ikikaa mwisho wa maneno, ni ya kuuliza. Yaya alikuwa akiuliza kwa Kiingereza chake, mwishoni akitia ya kwao, "Maji yapo, bo?" Mpishi akisikia ameheshimiwa na mtu mzima. Akijibu kwa adabu zake zote, "Opo," na yaya akisikia amekataliwa. Kila alivyozidi mmoja kuuliza vizuri na mwingine kujibu vizuri, ndivyo walivyozidi kuchukiana.

Mtu mwema angewaeleza siku ile ile. Mimi nilikaa nalo wiki nzima. Nilikuwa nikipeleka nguo jikoni bila sababu, nisikie bo na po zikigongana, kisha natoka kwenda kucheka penye kamba ya nguo.

Halafu nikazidisha. Nilimwambia mpishi kwamba ili apatane na yaya, amkaribishe chakula kwa Kilao. Nikamfunza: "Ma kin khao," yaani njoo ule wali. Sauti za "ma" sikumwambia kitu. Nilijua fika ataitoa ile ya mbwa, kwa sababu mimi mwenyewe ndiyo niliyokuwa nikiitoa siku zote.

Mchana ule akaandaa meza, akasimama kama mwanajeshi, akatamka. Yaya akamtazama. Mpishi alikuwa amemwambia: mbwa anakula wali.

Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono mdomoni. Yaya akamweka mtoto juu ya zulia, akamkaribia, akamuuliza kwa Kiingereza, "Nani amekufunza?" Mpishi akanyoosha kidole mlangoni.

Nikatoka nikaeleza yote, po, bo na mbwa. Niliona haya. Yaya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa pale pale sakafuni pembeni ya mtoto akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mpishi naye akamfuata. Sikuwahi kumsikia yaya akicheka kabla ya siku hiyo. Kuanzia hapo akamfunza kijana sauti, na jikoni kukawa kama chuoni, "ma, ma, ma," mpaka bibi akaja kuuliza kama kuna mbuzi.

Nikadhani nimesamehewa. Mwezi uliofuata walikuja Wafilipino watatu, mafundi wa mitambo, kumtembelea mpishi. Yeye akaniambia niwasalimie kwa lugha yao, wangefurahi sana. Akanifunza maneno, na yaya akayasikiliza kwa makini akanisahihisha, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Nikafunga mtandio vizuri, nikatoka uani nikainamisha kichwa: "Mataba po ako."

Mafundi wakatazamana. Mmoja akanikagua toka juu mpaka chini, kwa heshima, akasema kwa Kiingereza, "Hapana, dada, si kweli." Nilikuwa nimewaambia kwa adabu kubwa kwamba mimi ni mnene. Siku zile upepo wa kaskazini ungeweza kunichukua. Nyuma yangu, dirishani, yaya na mpishi walikuwa wameshikana mabega.

Jioni nikamsimulia mama yangu, nikitaraji anionee huruma. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua macho.

"Wamekwambia useme umenenepa?"

"Ndiyo, mama. Mbele ya watu."

"Basi wamekuombea kheri," akasema. "Mie nnaomba kila siku, hayatokei. Kesho wasalimie tena."