Niliomba student visa bila ajenti, nikakwama kwenye jiwe la mpaka Busia

Wakuu, salamu kwenu wote, wa Busia zote mbili na wa mbali.

Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, nakula maarifa ya watu bure. Leo na mimi nichangie. Nitawaeleza nilivyoomba student visa bila ajenti, na chumvi sitaongeza. Mtanivumilia nikichepuka, maana kila nikianza kuisimulia hii najikuta niko nyumbani.

Kwetu ni Buhehe, lakini nimekulia Busia mjini, upande wa Uganda. Mama anauza mukene sokoni, vile visamaki vidogo vya kukausha. Baba alishatangulia.

Nilipata admission ya masters chuo kimoja cha ng'ambo, na chuo chenyewe kikakubali kunisomesha. Sharti lilikuwa moja tu: niwe nimeripoti kabla ya masomo kuanza. Nikikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine na mwaka unaofuata hawanijui.

Nikaenda kwanza Tororo kwa ajenti. Ofisi iko ghorofani, ukuta mzima picha za ndege. Jamaa ana maneno matamu sana. Kilichonishinda ni pale aliposema passport yangu ikae kwake mpaka kazi iishe. Mimi ni mbishi, sijifichi. Nikamwambia passport hailali mahali ambapo mimi silali.

Akacheka, akaniita nyabo, yaani bibie kwa Kiganda. "Sawa nyabo, jaza mwenyewe. Utarudi."

Hiyo "utarudi" iliniuma kuliko kitu chochote. Nadhani ndiyo iliyonijazia form.

Na form yenyewe wala si mlima, niwatoe hofu. Iko online. Nilikaa cafe siku tatu. Admission letter, barua ya ufadhili, vyeti, picha, police clearance, vipimo vya kifua. Unasoma swali, unalielewa, unalijibu. Ukikwama, maelezo yako kwenye website yao hiyo hiyo. Ajenti naye anasoma hayo hayo.

Sasa kuna swali linauliza: umewahi kuishi, kusoma au kusafiri katika nchi nyingine yoyote?

Nikajibu No. Hata sikuwaza. Mimi ndege nilikuwa naiona ikipita juu tu, ningesafiri wapi?

Halafu kwenye vyeti nika-upload mpaka cha darasa la nane. Cha Kenya.

Watu wa mpakani najua mmeshaanza kucheka. Wengine ngojeni niwaeleze.

Shangazi Nabwire, dada yake baba, aliolewa upande wa Kenya. Kwetu hilo si jambo la kusimulia. Ukoo ni mmoja, mpaka ulipita katikati yetu basi. Karibu na kwake kulikuwa na shule nzuri, baba akasema mtoto wake wa kike asome pale. Tangu darasa la kwanza mpaka la nane nikawa navuka asubuhi na kurudi jioni.

Hatukupita barabara kubwa. Mama alinisindikiza kwa njia ya nyuma ya nyumba za watu mpaka kwenye jiwe la mpaka, nguzo fupi ya zege iliyosimama katikati ya shamba la muhogo la mtu. Nilitembea peku, viatu mkononi, kwa sababu ya tope, na mwalimu wa zamu kule alikuwa anakagua viatu kabla ya kukagua daftari.

Tukifika, mama ananikalisha juu ya jiwe. Ananifuta miguu kwa leso yake, kidole kimoja kimoja. Navaa soksi, navaa viatu. Shangazi anakuwa ameshafika upande wake, amejifunga leso yake pia, wanaanza kutaniana.

Mama hakuwahi kupita lile jiwe. Alikuwa na soko la kuwahi. Ila kabla hajageuka lazima aulize, "Nani anampokea akitoka?"

Na shangazi lazima ajibu, "Nampokea mimi, kwani nimekufa?"

Miaka minane, maneno hayo hayo. Na hakuna siku hata moja mtu nyumbani alisema nakwenda nje ya nchi. Nilikuwa nakwenda kwa shangazi.

Wakuu, nawakumbuka wale wanawake wawili na leso zao mpaka naumia.

Turudi kwenye visa. Baada ya wiki kadhaa ikaja email. Umesema hujawahi kusoma nchi nyingine, cheti chako kinaonyesha umesoma Kenya. Eleza ndani ya siku hizi chache. Taarifa za uongo zinaweza kukufanya ukataliwe na usiruhusiwe kuomba tena kwa muda mrefu.

Nikaenda sokoni nikamsomea mama kwa Lusamia, lugha yetu ya nyumbani, polepole.

Akaniangalia. "Kwa Nabwire ndiyo nchi nyingine?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kuchambua mukene wake.

Nikameza kiburi nikarudi Tororo. Ajenti hakunicheka, nimpe haki yake. Alisoma email akasema ni jambo dogo. Andika kwamba kile cheti si chako, ni cha ndugu yako, kiliingia kwa bahati mbaya. "Unafuta Kenya yote, nyabo. Maisha iendelee."

Nisiwadanganye, nilishawishika. Lilikuwa jibu fupi, na siku zilikuwa zinakwisha. Nilikaa cafe nikaliandika lote.

Lakini shangazi alifariki mwaka nilioingia chuo kikuu. Nikisoma pale "cheti hiki si changu", naona ninamkana mtu ambaye hawezi tena kunijibu. Nililia mbele za watu pale cafe, wala sikuona haya. Nikafuta.

Kesho yake mimi na mama tukaifuata njia ya zamani. Jiwe bado lipo, limeinama kidogo, mtu ameanika nguo za mtoto juu yake. Mama alisimama pale kwa mazoea. Nikamshika mkono tukapita pamoja.

Shuleni mwalimu mkuu ni mwingine, hanijui, ila ni mtu muungwana. Alifunua madaftari ya zamani mpaka akaniona. Jina langu, kwetu Uganda, na chini mahali pa mlezi pameandikwa Nabwire, na alama ya kidole gumba. Mama aliweka kidole chake juu ya ile alama, akakiacha hapo. Mwalimu akatusubiri.

Akaniandikia barua. Mwenyekiti wa kijiji upande wetu akaandika yake na muhuri, wakili akatuapisha. Nikapiga picha ya mama kando ya jiwe. Mimi mwenyewe niliandika ukurasa mmoja: nilijibu vibaya, sikukusudia kuficha, nilivuka kila siku ya shule kwa miguu na sikujua kwamba kule ni kusafiri. Nikaeleza mpaka habari za viatu. Nikatuma.

Visa ilitoka. Sina maneno ya kuipamba, ilitoka na siku za kuripoti zilikuwa bado zipo.

Nilichojifunza ni kwamba ajenti si lazima. Na jibu la kweli, hata liwe refu na la aibu, lina karatasi nyuma yake mahali fulani. Nyinyi wa mpakani hasa, Kenya ni nchi nyingine, Uganda ni nchi nyingine, jazeni. Hata kama mlikuwa mnakwenda kuomba chumvi tu.

Mama alinisindikiza mpaka Entebbe. Kwenye mlango wa kioo askari akasema wasindikizaji mwisho hapa. Mama akasimama, akanikabidhi begi, na macho yake yakaniruka yakawa yanatafuta mtu ndani, nyuma yangu.

"Nani anakupokea upande ule?"

Nikamwambia chuo kimetuma mtu.

Hakuna aliyetumwa, wakuu. Katika safari yote ya visa, uongo niliousema ni huo mmoja, na nikipewa nafasi nitausema tena.

Sasa niko huku, viatu navalia ndani kabla sijafungua mlango, kama watu wote. Karibuni mchangie, mwenye swali la visa aulize nitamjibu. Na nyinyi mliovuka kwenda shule, niambieni tu, mlikuwa mnavalia viatu wapi, na nani alikuwa anawafuta miguu?