Ubao wa Duka la Nellie Ormerod

Nellie Ormerod alizaliwa katika chumba kilicho juu ya duka, na kwa miaka sitini na tisa hakulala nyumba nyingine. Asubuhi ile ya mwaka 1971 alikuwa hashikiki. Halmashauri ilikuwa inabomoa mitaa ya wafumaji wa kiwanda cha nguo safu kwa safu, na saa nne angefika mkaguzi wa majengo ya kale, aamue kama duka lake lisimame au liende na mengine.

Duka lilijengwa na babu yake enzi za Malkia Victoria, na mzee yule alikuwa mjanja. Pembe ya nyumba aliikata mshazari, mlango ukatazama barabara mbili, ili watu wakitoka kiwandani kwa upande wowote wakutane na harufu ya jibini. Chumba cha juu kikabaki kinaning'inia, akakiegemeza kwenye nguzo moja ya chuma. Nellie alijifunza kutembea akiizunguka nguzo hiyo. Alivuka vita vikuu viwili, akamzika mume, na duka hakulifunga ila siku za maziko.

Sasa mgeni wa serikali angempokeaje na uchafu? Kwao mwanamke hupimwa kwa kizingiti chake. Tangu alfajiri alikisugua kwa jiwe mpaka kikawa cheupe, akarukia vigae, akarukia madirisha, akarudia vigae. Roho haikutulia. Akapanda ngazi na ndoo ya magadi kuushambulia ubao wa jina la duka juu ya mlango.

"Shuka, shoga!" Doris, jirani yake, alipiga kelele. "Utaisugua nyumba ianguke, uwapunguzie kazi!"

"Niache! Mama angefufuka anizabe kofi akiona masizi haya."

Masizi yakatoka. Herufi za babu, zilizobambuka na kumtia aibu miaka mingi, nazo akazikwangua zote.

Mkaguzi, kijana aliyeitwa Pilling, alifika na kamera shingoni. Alisimama barabarani akitazama juu.

"Bibi, ule ubao wa zamani uko wapi?"

"Si huo hapo! Nimeusafisha."

"Yale maandishi ya dhahabu... Nimekuja kwa ajili ya hayo. Maduka ya kona yenye nguzo tunayo chungu nzima. Ubao ambao haujaguswa tangu enzi hizo ulikuwa umebaki huu tu."

"Na sasa?"

"Sasa sina la kuwaambia wakubwa."

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya Nellie hayakungoja hata chai ichemke. Alitazama mikono yake iliyobabuka kwa magadi.

"Mngeniambia mnapenda uchafu, mwanangu," alisema Nellie, "ningewaachia."

Pilling akaanza kuomba radhi, huku akipiga hatua kuelekea mlangoni.

"Futa viatu kwanza," Nellie akasema.